Muhula Niliokuwa Redio

Juzi mjukuu wangu, ambaye naye ni mwalimu, alikuja kwangu Chanji, hapa Sumbawanga, amenuna kama mtu aliyefiwa. Kishikwambi chake cha kufundishia kilikuwa kimezima katikati ya kipindi, umeme nao umekatika, na wanafunzi wakamzomea. Alikuwa anasubiri nimpe pole. Mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. "Bibi, kinachochekesha ni nini?" akauliza. Nikamwambia akae chini nimsimulie ya kwangu, haya ninayowasimulia na ninyi, maana hayo ya kwake ni cha mtoto.

Mimi nilijifunza kuandika kwa kidole, kwenye mchanga uliomwagwa nyuma ya kanisa la misheni upande wa Kaengesa. Ulikuwa mtambo mzuri ule. Ukikosea unapangusa kwa kiganja na sista hana ushahidi. Baadaye tukapewa vibao vyeusi vya kuandikia, tukavifuta kwa mate na viwiko, na ukienda nyumbani na vema zako ishirini zinakuwa zimeshafutwa na jasho la kwapa, mama haamini hata moja. Daftari nililishika darasa la tatu. Nililinusa wiki nzima kabla sijathubutu kuandika kitu.

Halafu ikaja ile kampeni ya kila mtoto aende shule. Watu walikuwa wamehamia vijiji vya ujamaa, watoto wamejaa, walimu hakuna. Wakatuchukua sisi tuliomaliza darasa la saba, wakatuambia tutafundisha huku tunajifunza. Asubuhi unafundisha, jioni unafundishwa na vijitabu vilivyoletwa kwa posta na vipindi vya redio. Miaka mitatu ikiisha anakuja mkaguzi, anakaa nyuma ya darasa, akiridhika anasaini karatasi yako, unakuwa mwalimu kamili. Asiporidhika unarudi kwenu kulima ulezi.

Mpango wenyewe uliitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Watu wenye midomo yao waliulizwa maana yake wakasema ni Ualimu Pasipo Elimu. Neno hilo lilinichoma, nasema kweli. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nyumbani baba alikuwa ameshaniwekea jicho mwanamume mmoja wa Matai mwenye ng'ombe wengi na meno machache. Alisema wazi kwamba nikirudi bila karatasi, harusi inapikwa. Kwa hiyo msinione nilivyohangaika mkadhani nilikuwa kichaa. Karatasi ile ndiyo ilikuwa roho yangu.

Nilipangiwa shule ya kijiji kimoja kwenye njia ya kwenda Matai, mahali penye upepo wa kukata masikio. Mwezi wa sita watoto walikuja darasani wamejifunika mablanketi, unaona macho tu. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mlokole, mwenye sweta moja la kahawia na imani kubwa juu ya kila binadamu. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Wilaya ilipotuletea redio ya shule, alinikabidhi mimi na mawe yake manne mapya, akaniambia, "Binti yangu, wewe ni kijana, mambo haya ya kisasa unayaweza."

Mawe ndivyo tulivyoyaita. Betri ni neno la vitabuni. Mtu alisema redio yangu imekwisha mawe, na kila mwenye redio alimwelewa. Wenye redio kijijini pale walikuwa wawili.

Redio ikawekwa kwenye kidirisha cha stoo, kilichotazama darasa la kwanza, nyuma ya mbao mbili ili isiibwe. Mara mbili kwa wiki, saa nne na robo asubuhi, mama mmoja mwenye Kiswahili cha pwani kilaini kama mafuta ya nazi alifundisha watoto kutoka huko Dar es Salaam. La kwanza lilikuwa langu, na niliongezewa darasa la pili, kwa hiyo redio ikianza natoka naenda huko, nikirudi nakuta kipindi kimekwisha. Hivyo ndivyo ulivyoagiza mwongozo uliokuja na redio.

Tatizo likawa adabu. Kwetu Ufipa mtoto akimwamkia mkubwa anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anasubiri aitikiwe, ndipo aulizwe habari za nyumbani. Huwezi kuruka hapo. Sasa mama wa pwani akisema, "Hamjambo watoto?" darasa zima linashuka chini ya madawati, makofi, pa, pa, pa, "Hatujambo, shikamoo!" Wakati huo mama wa watu ameshafika kwenye hesabu za machungwa. Watoto wamechuchumaa wanasubiri marahaba. Kipindi kinaisha wamechuchumaa.

"Ledio ana kiburi," wakaniambia.

"Sema redio ina kiburi!" nikafoka. "Redio si mtu. Redio imesema, redio imenyamaza. Nani kasema redio amesema?" Na fimbo juu. Kwa ngeli hiyo niliwachapa sana. Nilikuwa mkali, kwa sababu kila kosa lao nililiona limeandikwa kwenye ile karatasi yangu. Kulikuwa na msichana mmoja wa dawati la mbele, pengo mdomoni, mjukuu wa mfua chuma, huyo hakubadilika hata kwa fimbo. Redio kwake alikuwa yeye, basi.

Jioni nilikuwa naibeba redio hadi chumbani kwangu, kwa ajili ya vile vipindi vya walimu. Kwa mwalimu mkuu nilisema hivyo, na ni kweli kipindi cha walimu kilikuwa dakika thelathini. Lakini baada yake walipiga muziki wa dansi! Jamani, mngekuwa na miaka kumi na tisa, peke yenu, kwenye chumba cha udongo, halafu magitaa yale yaanze, mngezima? Thubutu. Nilicheza na ufagio. Nilicheza mpaka vumbi la sakafuni likaniingia puani. Siku moja katikati ya wimbo mwimbaji akaanza kuimba polepole, akalegea, akawa kama anaimba usingizini, akanyamaza. Nikatikisa redio. Kimya. Muhula ulikuwa na wiki nane mbele yake, na ndio uliokuwa wa mwisho wa miaka yangu mitatu.

Yesu na Maria! Nilifanya yote ambayo mtu hufanya. Niliyang'ata mawe kwa meno, nikayaanika juani juu ya bati, nikayachemsha kwenye sufuria ya maharage. Yalinipa dakika mbili za taarifa ya habari, yakafa moja kwa moja. Nikapanda lori la mahindi hadi Sumbawanga, nikazunguka maduka yote. Mzee mmoja mwenye duka, kanzu safi, rafu tupu, aliniambia kwa huruma, "Mwanangu, mawe hayajaingia mjini tangu mwezi mtukufu. Nina viberiti, na vyenyewe havina moto."

Nikaona niombe kwa wazazi kimyakimya, pengine wale wawili wenye redio watanisitiri. Mwisho wa kipindi nikawaambia watoto, kwa sauti ya chini, "Mkifika nyumbani waambieni wazee mwalimu anaomba mawe. Msimwambie mwalimu mkuu."

Kesho yake walikuja na mawe. Mawe, mawe hasa, ya mlimani! Aliyeweza kubeba moja alibeba moja, wakubwa walibeba mawili kichwani, na babu mmoja alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Rundo likawa refu kuliko mimi. Na hakuna hata mmoja aliyemwambia mwalimu mkuu, ila rundo lenyewe lilisema. Mzee wa watu alilitazama, machozi yakamlengalenga. Akanisimamisha mbele ya shule nzima, akasema huo ndio moyo wa kujitegemea, na kwamba choo cha wasichana kilichokosa msingi mwaka mzima kimepata msingi. Watoto wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Yakabaki yale maiti manne ya mawe. Kuyatupa niliogopa, yangeokotwa. Nikakumbuka kwamba ubao wetu ulikuwa umepauka, na tangu zamani ubao ulipakwa unga mweusi wa ndani ya mawe yaliyokwisha, ukichanganywa na maji ya majani ya maboga. Nikayapasua, nikatwanga, nikapaka. Ubao ulikuwa mweusi ajabu, chaki iling'aa juu yake. Mwalimu mkuu akanisifu tena. Nikiwa na dhambi mbili nilikuwa na sifa mbili, na moyo wangu haukuwa na nafasi hata ya ugali.

Bado redio ilitakiwa iseme saa nne na robo.

Mwongozo wa mwalimu ulikuwa umeandika vipindi vyote, karibu neno kwa neno. Siku hiyo niliingia darasani, nikazungusha kitufe cha redio kwa madaha, nikatoka kama kawaida, nikazunguka nyuma, nikaingia stoo. Nikachuchumaa chini ya kidirisha, nikatia mdomo kwenye debe tupu la mafuta ya taa, nikabana pua, nikasema, "Hamjambo watoto?"

Darasa likashuka chini. Pa, pa, pa. "Hatujambo, shikamoo!"

Nikaingoja hiyo shikamoo ifike. Sijui kwa nini niliingoja. Pengine kwa sababu debe lilinuka na nilihitaji kuvuta pumzi. Nikasema, "Marahaba, wanangu. Nyumbani hawajambo?"

Wakatazamana. Kisha wakalipuka. Hawajambo! Mama hajambo! Ng'ombe wetu amezaa! Bibi anaumwa mguu! Nami kwenye debe nikawapokea mmoja mmoja, pole na mguu, hongera kwa ndama, dume au jike? Kwenye ufa wa mbao niliwaona wamesimama juu ya madawati, mablanketi yameanguka, wanacheka. Tukahesabu ndama badala ya machungwa. Nilipomaliza nilizunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele, na wote wakakaa kimya, mikono juu ya madawati, macho kwenye fimbo.

Basi nikawa redio muhula wote uliobaki. Darasa la pili niliwapa kunakili. Na sikilizeni, nilianza kupenda. Nyuma ya ukuta sikuwa na haraka. Aliyekosea nilimwambia jaribu tena, mwanangu, redio ina muda. Yule msichana wa pengo, ambaye mbele yangu hakuwahi kufungua mdomo bila kutetemeka, alimsomea redio ukurasa mzima wa kitabu. Nilijisemea moyoni kwamba nina akili kuliko wilaya nzima. Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi, ila ikiwa fupi na ina raha unasahau kuangalia mbele.

Landrova ya mkaguzi ilifika siku ya kipindi, saa nne kasoro. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na mkoba ambamo najua karatasi yangu ilikuwemo. Nikamwamkia kwa magoti mawili. Mwalimu mkuu akamweleza habari za choo na ubao. Mkaguzi akaenda kwenye ubao, akaugusa kwa kidole, akakinusa kidole.

"Ubao safi," akasema. "Umekula mawe mangapi?"

"Manne, mzee," nikajibu kabla sijajizuia.

Akakifuta kidole kwenye suruali. Saa nne na robo akaketi nyuma, akaniambia niwashe redio. Nikazungusha kitufe. Nikasema leo hali ya hewa mbaya, mawimbi ya Dar es Salaam hayapandi milima. Akasimama, akatoa mkobani mawe manne mapya yanayong'aa, akayapachika kwenye redio mwenyewe. Mama wa pwani akarudi duniani.

"Hamjambo watoto?"

Pa, pa, pa. "Hatujambo, shikamoo!" Na mama akaendelea zake na machungwa. Watoto wakabaki wamechuchumaa. Mama wa redio akawaambia wasimame waruke kama vyura. Hakuna aliyeruka. Mkaguzi akamwinamia yule msichana wa pengo.

"Mbona hamfanyi anavyosema?"

"Huyu si ledio wetu."

"Redio yenu ni ipi?"

"Ledio wetu hasemi mpaka mwalimu atoke nje."

Mwalimu mkuu alitabasamu, hakuelewa. Mkaguzi alielewa. Akazima redio, akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mwalimu," akasema, "hebu toka nje."

Niwaambie mapema, ili msikae roho juu kama nilivyokaa mimi: karatasi ile alikuja kuisaini. Lakini wakati ule sikujua. Nilipotoka niliiona barabara ya Matai imenyooka, na mwanamume wa meno machache mwisho wake. Miguu ilitaka kukimbia. Ikanipeleka stoo. Nikachuchumaa, nikashika debe.

"Hamjambo watoto?" Sauti ilitoka kama ya mgonjwa.

Walipasua paa. Na juu ya kelele zao nikasikia sauti ya mzee, taratibu, yenye heshima zote: "Shikamoo, redio."

Mnaona alivyonikamata? Mzee wa umri wa babu yangu ananiamkia! Nikiitika marahaba nimemkosea adabu, nisipoitika mimi si redio. Nikahema ndani ya debe. "Shikamoo mzee," nikasema.

Watoto wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. "Redio, nina swali. Yale mawe manne ya shule yaliisha vipi?"

Uso kwa uso nisingeweza. Ningetafuta uongo wa tatu. Lakini kwenye debe nilikuwa nimezoea kusema mambo. Nikasema mwalimu aliyamaliza kwa muziki wa dansi. Nikasema alicheza na ufagio. Nikasema akawadanganya watoto, na mwalimu mkuu, na choo. Nikasikia mwalimu mkuu akisema "Bwana Yesu" polepole, na hilo liliniuma kuliko yote.

"Watoto," akasema mkaguzi, "mwalimu wenu amekula mawe ya shule. Nimfanye nini? Aende kwao?"

Nikaweka jicho kwenye ufa. Yule wa pengo alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu aende tu," akasema. "Ledio abaki."

"Kwa nini?"

"Mwalimu anachapa. Ledio anatuitika."

"Lakini mwalimu na redio ni mtu mmoja, mama. Hamjui?"

"Tunajua," akajibu, na darasa zima likaitikia, tunajua. "Tangu siku ya kwanza. Alikohoa."

"Sasa mmoja ataendaje na mwingine abaki?"

Akafikiri, ulimi kwenye pengo. "Yule wa mbele aende. Yule wa nyuma abaki."

Nililia. Nilisahau kwamba mdomo uko ndani ya debe, kikatoka kilio cha kutisha. Wiki zote hizo nilidhani nimewapumbaza watoto wa watu. Kumbe walikuwa wananivumilia huku mbele ili wanipate kule nyuma.

Mlango wa stoo ukafunguka. Mkaguzi akainama kwa sababu ulikuwa mfupi, akanitazama mwenye kutu ya debe mdomoni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Mimi nafuata uamuzi wa darasa," akasema. "Yule wa mbele ameshaondoka. Haya, wewe nenda ukafundishe. Debe liache."

Kutoka stoo hadi mlango wa darasa ni hatua kumi na mbili. Nilizipiga. Nikaingia, nikasimama mbele yao mikono mitupu, na sauti haikutoka. Nilifungua mdomo mara mbili. Mkaguzi alikuwa ameketi nyuma na kalamu yake, mwalimu mkuu ameinamisha kichwa, na watoto wananitazama usoni, labda kwa mara ya kwanza.

Yule wa pengo akaegemea mbele ya dawati, akanong'ona kama mtu anayemsaidia mgeni kuvuka mto.

"Sema tu, mwalimu. Tunasikia."